Vitanda vya Barabara ya Thika

Kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika ni kilomita zipatazo 45. Njiani unapita Ruiru, kisha Juja, na kati ya miji hiyo ipo Theta, wadi ya eneo bunge la Juja yenye jina moja na mto unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Ukanda huu mfupi wa barabara umeshindania wageni kwa zaidi ya miaka mia moja. Zamani Thika ilikuwa peke yake. Baadaye ikapata washindani mbali, huko Nyeri na Nanyuki. Leo mshindani wake mkubwa yuko karibu kabisa, Ruiru, mji ambao wazee wa Thika waliujua kama mahali pa kahawa na gereza.

Anayetaka kuelewa kwa nini mambo yamegeuka hivyo atazame uchovu wa msafiri. Pale alipochoka ndipo palipowekwa kitanda. Kila barabara ilipotengenezwa vizuri zaidi, msafiri alichokea mbali zaidi, na kitanda kikamfuata huko alikokwenda.

Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri kijana katika wizara ya makoloni ya Uingereza, alipita hapa akielekea Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. Alipiga kambi karibu na mito ya Thika na Chania, kwa sababu hakukuwa na nyumba ya kumpokea. Mwaka uliofuata, 1908, Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mahali hapo hapo, kati ya mito hiyo miwili, maporomoko ya Chania yakiwa upande mmoja na ya Thika upande wa pili. Ilikuja kabla ya reli na kabla ya mji wenyewe. Thika haikutangazwa rasmi kuwa mji mdogo hadi 1924, na wakati huo hoteli yake ilikuwa na umri wa miaka 16.

Mwaka huo huo wa 1908 Ruiru nayo ilipata jambo lake. Kwenye maporomoko ya mto Ruiru ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji, na nyaya zikavutwa hadi Nairobi. Maji ya Thika yakawa ya kutazamwa na mgeni akinywa chai, na maji ya Ruiru yakawa ya kuwasha taa za mji mwingine. Kwa miaka themanini iliyofuata Ruiru iliendelea hivyo, ikiwa mahali pa kutoa vitu kwa ajili ya Nairobi: umeme, maji, mkonge, kahawa.

Mbona hoteli haikuanzia Ruiru, iliyo karibu zaidi na Nairobi? Kwa sababu ya ng'ombe. Mkokoteni wa kukokotwa na maksai haukuweza kumaliza kilomita 45 za matope au vumbi kwa siku moja. Mtu aliyefika Ruiru bado alijihesabu yuko njiani. Aliyefika Thika alikuwa mahali pa kuamua: kuvuka daraja aelekee Fort Hall na Nyeri, au kugeuka mashariki kuelekea Ol Donyo Sabuk na nchi kavu ya Ukambani na Garissa. Njia panda yenye daraja, maji safi na nyasi za kulishia maksai ilikuwa na haki zote za kuwa na hoteli. Yale maporomoko yalikuwa nyongeza tu, ingawa ndiyo yaliyoifanya isisahaulike.

Mshindani wa kwanza wa Blue Posts hakuwa hoteli. Alikuwa tajiri mmoja, William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani, aliyekuwa na ardhi kubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, alipokewa katika shamba la McMillan huko Juja. Wageni wakubwa hawakuhitaji kulipia kitanda. Walikaribishwa katika nyumba za walowezi, wakalishwa na kupewa farasi na wapagazi. Hoteli iliachiwa walowezi wa kawaida, maofisa, wafanyabiashara na familia zilizokuwa zinakwenda kuanza mashamba. Familia moja ya namna hiyo ilikuwa ya Josceline na Nellie Grant, waliofika Thika kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa na nia ya kulima kahawa. Binti yao Elspeth, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Elspeth Huxley, aliandika kumbukumbu za utoto wake katika kitabu The Flame Trees of Thika kilichotoka mwaka 1959. Kitabu hicho ndicho kilichobeba jina la Thika hadi London, na hoteli ya Blue Posts imo ndani yake.

McMillan alifariki mwaka 1925 akazikwa mlimani Ol Donyo Sabuk, ambako kaburi lake lingali kivutio cha wanaopanda mlima huo wa mita 2,145. Nitaurudia mlima huo, maana hesabu ya wageni wa Thika haijakamilika bila huo.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kwenye makaratasi iliitwa tramu, ili gharama yake isizue maswali mengi kule Uingereza, lakini ilikuwa reli kamili. Kwa miaka kadhaa Thika ilikuwa mwisho wa njia, na mwisho wa njia ni mahali pazuri kwa mwenye hoteli, kwa kuwa kila abiria hushuka. Neema hiyo haikudumu. Reli iliendelea kuelekea kaskazini hadi ikafika Nanyuki mwaka 1930. Wakati huo huo magari yalizidi kuongezeka. Mtu aliyeondoka Nairobi asubuhi kwa gari aliweza kula chakula cha mchana Thika na jioni akawa Nyeri, chini ya Mlima Kenya.

Nyeri ilikuwa tayari kumpokea. Eric Sherbrooke Walker na mkewe walikuwa wamejenga Hoteli ya Outspan, na mwaka 1932 wakaongeza Treetops, chumba juu ya mti katika msitu wa Aberdare ambapo mgeni alikesha akitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Treetops usiku ambao baba yake alifariki, akawa malkia akiwa huko. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kuipa hoteli ya Thika jambo la kulingana na hilo. Kisha mwaka 1959 mwigizaji William Holden na wenzake wakaanzisha Mount Kenya Safari Club kule Nanyuki. Blue Posts ilibaki mahali pa chakula cha mchana na matembezi ya Jumapili, na kitanda kikawa kimehamia kilomita mia moja kaskazini. Sidhani kuna aliyekosea hapo. Barabara ilikuwa imekuwa bora, na Thika ilikuwa bado inauza umbali ambao haukuwepo tena.

Historia hii yote ya hoteli kubwa ilikuwa na mlango uliofungwa. Mwafrika aliingia Blue Posts na nyumba nyingine za aina yake akiwa mpishi, mtunza bustani, dobi au mhudumu aliyevaa kanzu nyeupe, kama ilivyokuwa desturi katika hoteli za wazungu Kenya nzima. Mhindi mwenye duka aliyejenga nusu ya mji wa Thika naye hakuwa mgeni wa kukaribishwa. Ubaguzi huo ulizaa hoteli za aina nyingine, na kwa maoni yangu hizo ndizo mama wa hoteli nyingi tunazoziona leo barabarani. Katika mitaa ya Waafrika na karibu na vituo vya basi palifunguliwa vyumba vya mabati vyenye meza ndefu na benchi, chai ya maziwa katika sufuria kubwa, maandazi, maharagwe, githeri, na nyama siku ya malipo. Mkenya hadi leo akisema “twende hotelini” huenda ana maana ya chumba hicho. Nyuma ya jiko mwenye hoteli aliongeza vyumba viwili vitatu vya kulala madereva, makarani na wafanyabiashara wa ng'ombe na mboga. Hapo ndipo ilipozaliwa lojingi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Thika iligeuka kuwa mji wa viwanda. Mananasi yalikuwa yakisindikwa na Kenya Canners, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Del Monte katika miaka ya 1960. Vilifuata viwanda vya nguo, ngozi, makopo na magari, na mji ukaanza kuitwa Birmingham ya Kenya. Viwanda huleta mgeni wa aina yake: fundi aliyetumwa kufunga mashine, mnunuzi wa vitambaa, mkaguzi wa hesabu, dereva wa lori la Garissa anayesubiri kupakia. Mgeni huyu hahitaji ndovu wala mandhari. Anataka chumba safi, maji ya moto, chakula cha jioni na mahali pa kuegesha gari salama, tena kwa siku tano mfululizo. Hoteli za mjini Thika ziliishi kwa mgeni huyo kwa karibu miaka arobaini, na hizo zilikuwa enzi zake bora. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, milango ya hoteli kubwa ilifunguka kwa kila mwenye kulipa, na barabara yenyewe ikapata heshima mpya. Nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta kulikuwa Gatundu, na misafara ya wajumbe na wacheza ngoma kutoka kila pembe ya nchi ilipita ukanda huu ikienda kumwona Mzee.

Ruiru ya wakati huo ilikuwa imezungukwa na mibuni. Kituo cha utafiti wa kahawa kilikuwa hapo, na mwaka 1985 kilitoa aina ya mbuni iliyobeba jina la mji huo duniani kote, Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Mfanyakazi wa shamba aliishi kambini, meneja aliishi kwenye jumba lake, na mtafiti mgeni alilala katika nyumba za kituo au akarudi Nairobi jioni. Hakukuwa na sababu ya hoteli.

Serikali ya Kenya huru iliutilia maanani utalii mapema. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilianza kufundisha wapishi, wahudumu na mameneja, kwa msaada wa Uswisi na kwa fedha za ushuru uliotozwa hoteli zenyewe. Kilijengwa kando ya Barabara ya Thika. Maelfu ya vijana wamejifunza kutandika kitanda na kupanga meza wakiwa karibu nusu saa tu kutoka Thika ya leo, kisha wakaenda kufanya kazi Mombasa, Maasai Mara na Dubai.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 utalii uliipita kahawa katika kuiletea Kenya fedha za kigeni. Kwa ukanda wa Thika na Ruiru habari hiyo ilikuwa na uchungu maalumu, kwa kuwa ulikuwa na kahawa nyingi na watalii wachache. Nafasi ya pekee ilikuwa imepita mwaka 1981, wakati Thames Television ya Uingereza ilipoonyesha mfululizo wa tamthilia uliotokana na kitabu cha Huxley, mwigizaji mkuu akiwa Hayley Mills. Mamilioni ya Waingereza walilisikia neno Thika sebuleni mwao. Wengi waliokuja baadaye walipokewa uwanja wa ndege na kampuni za watalii, wakapelekwa Amboseli, Mara na pwani. Thika waliiona kwa kusimama kidogo, wapige picha ya maporomoko, wanywe chai, waende Nyeri. Mji wenye viwanda haukuona haja ya kumbembeleza mtalii wa picha. Kosa lake lilikuwa hapo, na lilikuja kuonekana viwanda vilipoanza kufunga.

Yalifungika mawili kwa wakati mmoja. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wenye mashamba kati ya Ruiru na Juja wakaanza kujiuliza kama ardhi haina faida zaidi ikikatwa viwanja. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, nguo za mitumba zikajaa sokoni, viwanda vya nguo vya Thika vikayumba na vingine vikafa. Yule mgeni wa siku tano, fundi na mnunuzi, akatoweka. Thika ilipewa hadhi ya makao makuu ya wilaya katika miaka hiyo, na semina za serikali zikasaidia kujaza vyumba, lakini ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 makao makuu ya kaunti yalikwenda Kiambu mjini. Semina nazo zilikuwa na kawaida yake: afisa wa Nairobi anapendelea mkutano ufanyike Naivasha au Mombasa, mahali ambapo hawezi kutakiwa arudi nyumbani kulala.

Ikaja Barabara Kuu ya Thika, ambayo kila Mkenya anaiita Superhighway. Ujenzi ulianza 2009 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, China na Kenya yenyewe, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 32. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012. Safari iliyokuwa ikimaliza saa mbili au tatu za foleni ikawa chini ya saa moja. Wenye hoteli wengi wa Thika waliamini kwamba barabara mpya italeta wageni. Iliwaleta kweli, kwa matatu na kwa magari ya kibinafsi, na jioni ikawarudisha Nairobi. Mjumbe wa mkutano wa siku mbili hakuwa na sababu ya kulala. Arusi ilifungwa bustanini, picha zikapigwa mbele ya maporomoko, na saa kumi na mbili maegesho yalikuwa matupu. Ng'ombe wa mwaka 1908 walikuwa wameilazimisha dunia ilale Thika. Lami ya mwaka 2012 ikaiondolea Thika haki hiyo kabisa.

Ruiru ilinufaika kwa sababu tofauti. Watu walihamia. Katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Mji mdogo wa jana ukawa karibu mara mbili ya kaka yake. Shamba la kahawa lililozinduliwa mwaka 2010 kama Tatu City likaanza kupata shule, nyumba na viwanda. Na juu ya yote, Barabara ya Mzunguko ya Mashariki ikaiunganisha Ruiru moja kwa moja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, bila kupitia katikati ya Nairobi. Ruiru ikawa njia panda mpya, kama Thika ilivyokuwa enzi za maksai: kaskazini ni Mlima Kenya, kusini uwanja wa ndege na Mombasa, magharibi Ruaka na Limuru kwa Mzunguko wa Kaskazini.

Mahali ambapo jambo hilo linaonekana wazi ni Kamakis. Kando ya barabara hiyo ya mzunguko palianza buchari na majiko ya nyama choma, na kwa miaka michache tu pakawa jina linalojulikana nchi nzima. Namna ya kazi ni ile ile kila mahali. Mteja husimama mbele ya dirisha la buchari, huchagua paja au mbavu za mbuzi, hupimiwa kwa kilo, hulipa, kisha nyama huenda jikoni. Hapo kuna kungoja kwa saa nzima au zaidi, na kungoja ndiko kunakoleta faida: soda na bia, mutura wa kuonja, gari likioshwa, watoto kwenye bembea, na Jumamosi usiku mpiga gitaa wa mugithi akiwafanya watu waliokuja kula waamue kubaki. Nyama ikija juu ya ubao na kachumbari na ugali, tayari mwenye eneo amekwisha kuuza vitu vinne. Nyuma ya majiko vikajengwa vyumba vya kulala, maana aliyekunywa hatakiwi kuendesha gari. Hakuna mtaalamu wa serikali aliyepanga Kamakis. Upanuzi wa barabara ulipokuja, waliokuwa wamejenga kwenye hifadhi ya barabara walibanwa na wengine wakaondolewa, lakini jina lilikuwa limeshakita mizizi na biashara ikasogea ndani kidogo.

Kwa hiyo Ruiru iliishinda Thika bila mlima, bila maporomoko na bila kitabu kinachosomwa London. Watu wa Thika husema kwamba Kamakis si utalii. Siwezi kukubaliana nao. Familia inayotoka Umoja au Kahawa Magharibi Jumapili, ikatumia pesa zake mahali isipoishi, na kurudi na furaha, hiyo ni familia ya watalii, na katika miaka ambayo wageni wa ng'ambo walikatika ndiyo iliyoziokoa hoteli za Kenya.

Miaka hiyo ilikuja. Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alizuia watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya Korona. Mpaka wa upande wa kaskazini ulitajwa waziwazi kuwa daraja la mto Chania, Thika. Mahali pale pale palipozaa hoteli ya kwanza ya ukanda huu, kwa kuwa wasafiri wote walipita hapo, askari waliweka kizuizi na wakaambiwa wasimruhusu mtu kupita. Zuio liliondolewa 7 Julai, kisha likarudi kwa namna nyingine Machi 2021 hadi Mei mosi, likizifunga kaunti tano, Kiambu ikiwemo. Baa zilifungwa, kafyu ikaua biashara ya usiku, wahudumu wakaenda nyumbani bila mshahara. Thika iliumia kwa njia ya pekee kwa sababu wateja wake wengi wa siku za soko wanatoka ng'ambo ya mto, Murang'a. Ruiru ilikuwa ndani kabisa ya eneo lililofungwa, ikiwa na wakazi wake laki nne na ushei, na watu hao hao ndio waliokuwa wanunuzi wake baa na majiko yalipofunguliwa tena.

Baada ya Korona mshindani mwingine aliingia bila kelele: nyumba za ghorofa zilizokodishwa kwa siku kupitia Airbnb na simu za madalali. Ruiru, Juja na Thika zimejaa vyumba vya namna hiyo, hasa karibu na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Wazazi wa mahafali, wanandoa wapya, vijana wa sherehe na wafanyakazi wa miezi miwili huvipendelea kwa bei na kwa faragha. Januari 2024 mauaji ya wanawake katika vyumba vya kukodi kwa muda mfupi yaliwatia Wakenya uchungu mkubwa, maelfu wakaandamana, na serikali ikaahidi kuwasajili wenye nyumba hizo. Hoteli iliyosajiliwa hulipa ushuru, huandika jina la mgeni na huwa na mlinzi getini. Inashindana na mlango usio na daftari, na hilo si shindano la haki.

Kaskazini nako hakukulala. Kenol, mji wa Murang'a uliopata jina lake kutokana na kituo cha petroli, umekuwa kituo kikubwa cha nyama na lojingi, na barabara pana ya kilomita 84 kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua inazidi kumvuta msafiri aipite Thika bila kukanyaga breki. Thika sasa imebanwa pande mbili: Ruiru inampokea anayetoka Nairobi, Kenol inampokea anayetoka mlimani.

Je, Thika imebaki na nini? Imebaki na kile ambacho hakuna barabara inayoweza kukihamisha. Maporomoko ya Chania na Thika bado yapo, yanaonekana kutoka bustanini mwa hoteli iliyozidi miaka mia moja. Upande wa mashariki, kwenye njia ya Garissa, kuna Fourteen Falls katika mto Athi, ambako maji hushuka kwa mikondo mingi kutoka kimo cha karibu mita 27, na wakati wa mvua mikondo hiyo hugeuka ukuta mmoja. Juu yake umesimama Ol Donyo Sabuk, hifadhi ya taifa tangu 1967, yenye nyati, nyani na kaburi la McMillan. Mtu angeweza kuyaona yote hayo kwa siku mbili akilala Thika usiku mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya kitanda ambayo umbali hauwezi tena kuitoa.

Lakini hapa ndipo miji hii miwili inapokutana kwa namna ambayo wenye hoteli hawapendi kuizungumzia. Chania na Thika humwaga maji yao mto Tana. Ruiru, Theta na Ndarugu huenda mto Athi, na mto Athi ndio unaoanguka Fourteen Falls. Kila ghorofa inayojengwa Ruiru bila bomba la majitaka, kila choo kinachofunguliwa usiku wa mvua kiingie mto Theta, kila taka inayotupwa darajani, huishia kwenye kivutio ambacho Thika inajaribu kuuza. Nairobi nayo huchangia sehemu kubwa kupitia mto wake. Siku za kiangazi mgeni aliyelipa nauli na kiingilio hukuta povu na harufu. Akirudi Nairobi huwaambia wenzake, nao huamua kwenda Kamakis.

Maporomoko hayo yako mpakani mwa Kiambu na Machakos, na mlima uko Machakos. Kaunti mbili zimekuwa zikitazama kiingilio cha langoni kuliko maji yenyewe. Hizi si kazi za mwenye hoteli mmoja. Ruiru na Thika ziko chini ya serikali moja ya kaunti, na serikali hiyo inakusanya leseni za baa za Kamakis na za hoteli za Thika katika mfuko mmoja. Naiomba itumie sehemu ya fedha hizo kumaliza mabomba ya majitaka ya Ruiru na Juja kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine kando ya Theta, ikae meza moja na Machakos kuhusu mto Athi, na iweke matatu za kuaminika kutoka Thika hadi Fourteen Falls na lango la Ol Donyo Sabuk siku za mwisho wa juma. Wageni wapo tayari, wamejaa Ruiru kila Jumapili, kilomita 20 tu kutoka Thika.